Aliyefunga Bomba Ukweni

Tarehe thelathini ya mwezi huu, mwenzetu anayesimamia ufadhili wa miradi ya maji na usafi vijijini atakabidhi funguo za ofisi yake na kustaafu, baada ya kulitumikia shirika letu kwa miaka thelathini na mmoja. Jina lake la kwenye cheti halisikiki sana humu ndani. Kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, wote tunamwita Mzee Choo, na yeye huitika bila kununa. Mgeni mmoja kutoka wizarani alipolisikia jina hilo alitukazia macho, akidhani tunamvunjia heshima mtu mzima. Mzee mwenyewe ndiye aliyemtuliza. "Usijali, ndugu yangu," alimwambia. "Wapo wanaoitwa Simba na hawajawahi hata kumwona simba. Mimi jina langu nimelitolea jasho."

Alianza kama karani wa stoo, akipokea mabomba na mifuko ya saruji. Stoo ile ilikuwa chumba cha mabati nyuma ya jengo, chenye joto la tanuri, na wanaomkumbuka enzi hizo wanasema alikuwa akigonga kila bomba kwa kidole na kulisikiliza kama mtu anayechagua tikiti maji. Baadaye akawa msimamizi wa kazi vijijini, na mwishowe akapelekwa kitengo cha ufadhili, ambako hakuna bomba la kugonga. Kule kazi ni kubisha hodi kwenye milango ya wenye nacho na kuwaeleza kwa nini watu wasiowajua wanahitaji maji safi.

Hapo ndipo alipogundua jambo lililompa jina. Kila mfadhili anapenda maji. Maji yanang'aa, maji yanapigwa picha, mtoto anakinga mikono chini ya bomba na kucheka. Lakini choo? Hakuna anayetaka utepe wake ukatwe mbele ya choo. Na kisima bila choo, Mzee alizoea kutuambia, ni sawa na kumwogesha mtoto kisha kumrudisha kwenye tope.

Basi akaamua kuwa wakili wa vyoo. Aliviongelea kwenye mikutano, kwenye foleni ya benki na kwenye chumba cha kusubiria daktari wa meno. Kwenye harusi ya mhasibu wetu, alikalishwa meza moja na mfanyabiashara mkubwa wa vifaa vya ujenzi. Keki haijakatwa, tayari tajiri yule alikuwa ameahidi vyoo vya shule nzima, japo sahani yake ilirudi jikoni haijaguswa. Inasemekana alisita kidogo kuhusu kibao chenye jina lake. Mzee akamwambia, "Fikiria vizuri, bosi. Kibao cha barabarani watu wanakipita mbio. Hiki chako kitasomwa kila siku, tena na mtu aliyetulia."

Sisemi kwamba ni malaika. Anakoroma kwenye gari hadi dereva anaongeza sauti ya redio. Hajawahi kupita duka la vifaa vya ujenzi bila kuingia "dakika moja tu", na dakika hiyo imetuchelewesha vikao vingi. Akishikilia jambo hashikiki. Ubishi wake umewahi kunitoa machozi ya hasira, mimi ninayepiga picha za jarida hili, na kisa chenyewe ndicho ninachotaka kukisimulia leo, kwa sababu wapya wengi wamekisikia nusu nusu.

Mwaka mmoja kamati yetu ya miradi ilipitisha mradi wa kisima katika kijiji anakotoka mke wa Mzee. Yeye alitoka nje ya chumba wakati wa kupiga kura, asije akaambiwa amependelea ukweni. Lakini msimamizi aliyepangiwa kazi alipojifungua kabla ya wakati, ilibidi Mzee aishike. Kijiji kizima kilishangilia. Wanawake wa pale walikuwa wakichota maji kwenye dimbwi la bondeni, maji ya rangi ya chai, na kila msimu wa mvua watoto walikuwa wakiharisha. Mama mkwe wake alikuwa amezika watoto wake wawili kwa ugonjwa huo, zamani, kabla ya kumzaa binti huyu aliyekuja kuolewa na Mzee.

Kisima kikachimbwa, bomba la mkono likafungwa, sakafu ya saruji ikamwagwa kukizunguka. Siku ya ufunguzi ikapangwa. Mama mmoja anayeongoza mfuko uliotoa fedha alikubali kusafiri mwenyewe kuja kushuhudia. Mimi nilikuwa nimeosha lenzi zangu zote.

Asubuhi ile, tukiwa tumekwisha fika kijijini, simu ya Mzee ikaita. Ilikuwa maabara. Alisikiliza, akasema "ahsante", akabaki ameshika simu sikioni ingawa mtu wa upande wa pili alikwisha kata. Sampuli ya maji ya kisima kipya ilikutwa na vijidudu vya kinyesi cha binadamu.

Fundi wa pampu hakuamini. "Labda chupa ilishikwa na mikono michafu, Mzee. Mambo hayo hutokea. Tufungue leo, wageni waondoke, kesho tunapima tena kimya kimya."

"Na leo watakunywa nini?"

"Kwani jana walikunywa nini?"

Ilikuwa hoja nzito. Mzee alizunguka kile kisima. Akatazama mlimani, ambako vyoo vya zamani vya shule vilisimama, mashimo yasiyojengewa, juu kabisa ya kisima. Wakati wa kupanga tuliambiwa umbali unatosha. Kisha akaenda kwenye gari, akatoa mnyororo na kufuli vya tairi la akiba, akafunga mkono wa bomba mbele ya watu waliokuwa wamevaa nguo zao za sherehe.

Kelele zilizozuka sitaki kuzikumbuka. Akina mama walikuwa wameshapanga ndoo zao kwa mstari. Mwalimu mkuu alinishika mkono akiniuliza kama huyu bwana ana akili timamu. Halafu kelele zikapungua zenyewe, kwa sababu mama mkwe alikuwa anakuja. Watu wakampisha. Mzee akainamisha kichwa, maana mkwe ni mkwe, hata ukiwa na cheo gani huwezi kumkazia macho.

Bibi yule hakupaza sauti. "Mwanangu," alisema, "mimi nilikupa binti. Wewe unaninyima maji?"

"Mama, maji haya ni mabaya."

"Mabaya kuliko ya bondeni?"

"Sijui kama yanazidi, mama. Ninachojua ni kwamba ya bondeni mnayaogopa na mnayachemsha. Haya mtayaamini. Mtampa mtoto hivi hivi, kwa sababu mimi mkwe wenu nimesema ni safi."

Bibi alichukua ndoo yake na kuelekea bondeni. Wanawake wengine wakamfuata mmoja mmoja.

Nilipiga picha moja tu siku hiyo, ya migongo yao ikiteremka, na hatukuwahi kuichapisha. Hapo ndipo nilipolia. Nilimwona Mzee ni mtu mkatili anayependa kanuni kuliko watu.

Gari la mgeni wetu, yule mama wa mfuko, lilifika katikati ya aibu hiyo. Mzee alimpokea na kumweleza ukweli wote akiwa wima, bila kumrushia mtu lawama. Alimwambia kwamba bila kuviondoa vile vyoo na kujenga vingine mahali salama, kisima chake kitabaki pambo. Mgeni alisikiliza uso umekauka. Alisema mfuko wake ulitoa fedha kwa ajili ya maji, na bodi yake haitaelewa habari za vyoo. Kisha, kwa sauti ya chini, akauliza kama angeweza kuonyeshwa pa kujisaidia. Alikuwa njiani tangu alfajiri.

Palikuwa na vyoo vile vile tu vya mlimani.

Tulimsubiri chini. Mwalimu mkuu alikuwa anatazama viatu vyake. Mgeni aliingia, na baada ya muda mfupi sana akatoka. Akasimama nje, mkono kiunoni, akivuta hewa. Kisha akaona wasichana watatu wa shule wakiwa kwenye zamu yao, wawili wakishika khanga kuwa mlango, mmoja akiwa ndani. Akateremka taratibu.

"Wanaingia humo kila siku?" alimuuliza Mzee.

"Wanaovumilia. Wengine, wakikua kidogo, wanaacha shule."

"Siahidi kitu," alisema yule mama. "Lakini nitawaambia bodi nimeingia mwenyewe."

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sidhani kama walikuwa na safari ya chooni akilini, lakini methali ilitimia.

Kipimo cha pili kilithibitisha cha kwanza. Fundi wa pampu alikuja ofisini kumwambia Mzee kwamba alikosea, na Mzee akamwagizia chai. Hata hivyo, kuwa na haki hakukumpa raha. Wiki zile zilikuwa ngumu kwake. Mama mkwe alikata mawasiliano. Shemeji zake waliacha kupokea simu. Mke wake, ambaye ni mwalimu na mtu wa maneno machache, alituambia juzi tu kwamba alimuuliza swali moja: "Bodi ikikataa, utafanya nini?" Mumewe akajibu, "Basi nitakuwa nimewanyima maji bure, na mama yako atakuwa na haki ya kutonisamehe." Alikuwa ameshawishi ofisi ipeleke lori la maji kila wiki na dawa ya kutibia maji ya bondeni, lakini alijua lori si kisima.

Bodi ilikubali. Tuliposoma ujumbe ule, Mzee aliketi kwenye ngazi za ofisi, akavua miwani, akashusha pumzi ndefu kana kwamba alikuwa ameibana tangu siku ya kufuli.

Mashimo ya zamani yakanyonywa, yakatiwa chokaa na kufukiwa. Vyoo vipya vikajengwa upande wa pili wa shule, chini ya kisima na mbali nacho, vyenye mashimo yaliyojengewa, milango yenye komeo kwa ndani, na chumba cha wasichana chenye maji. Kisima kikazibwa nyufa na kutiwa dawa. Kikapimwa, bado. Kikapimwa tena, bado kidogo. Mvua ikanyesha ikaisha. Mwishowe maabara ikapiga simu, na safari hii Mzee aliniita nisikilize naye, tumegusanisha vichwa kwenye kisimu kimoja kama watoto wanaosikiliza kombe la baharini. Maji yalikuwa safi. Nilimkumbatia mtu mzima yule bila kuomba ruhusa.

Siku ya kufungua kufuli hapakuwa na utepe. Mama mkwe alikuja na kikombe cha bati, akakikinga, akakijaza. Sote tulidhani atakunywa. Akamnyooshea mkwe wake.

"Wewe kwanza," alisema.

Mzee alikunywa hadi tone la mwisho. Bibi akasimama pale akimchunguza kwa muda mrefu, kama anayesubiri kuona ataanguka upande gani. Kijiji kizima kikachunguza pamoja naye. Alipojiridhisha, akajaza kikombe, akanywa, akafuta mdomo. "Sasa," alisema, "hivyo vya shule nimeviona. Changu mimi kinakuja lini?" Vicheko vilivyolipuka viliwarusha kunguru kutoka paa la shule. Mwaka uliofuata bibi huyo alichaguliwa mwenyekiti wa kamati ya vyoo, na nasikia hata mkwewe alikuwa hathubutu kuchelewa kwenye vikao vyake.

Tangu hapo shirika letu halifadhili kisima bila choo, wala halifungui bomba kabla ya majibu ya maabara. Wafadhili wapya hulalamika mwanzoni. Tunawaambia ni utaratibu. Hatuwaambii kwamba utaratibu huo una sauti, una miwani na unakoroma.

Kwa sisi tuliofanya kazi chini yake, anatuachia pia namna ya kuandika maombi ya fedha. Alikuwa akifuta kwa kalamu nyekundu kila sentensi iliyowalilia watu. "Usimweleze mfadhili jinsi wanavyoteseka," alikuwa akisema, "mweleze wamekwisha fanya nini, na wamekwamia wapi." Nimeijaribu kanuni hiyo hata kwenye picha zangu. Inafanya kazi.

Wiki iliyopita nilimuuliza atafanya nini akistaafu. Nilitegemea aseme shamba, au wajukuu. Badala yake alinieleza jambo ambalo sikuwahi kulijua: kwamba kwa miaka yote hii, mvua za kwanza zikianza, alikuwa halali vizuri. Alikuwa akilala na simu kifuani, akisubiri habari ya kipindupindu kutoka kwenye kijiji chake kimojawapo. Safari nyingine habari ilikuja.

"Mwaka huu mvua zimeanza, zimepiga, zimepungua," alisema. "Nimepiga simu zote mimi mwenyewe. Kijiji kwa kijiji. Unajua waliniambia nini?"

Nikamwambia sijui.

"Wananiuliza bei ya mbegu." Akacheka hadi machozi yakamtoka. "Hakuna mgonjwa. Wananiuliza bei ya mbegu!"

Mzee wetu, kwa niaba ya ofisi nzima, tunakushukuru. Tunamshukuru na mama watoto, aliyevumilia mazungumzo ya mashimo mezani pake bila kufukuza mtu. Mungu akupe afya njema na siku ndefu. Mvua zijazo zikianza kugonga bati, weka simu chumba kingine, ujifunike, ulale.