Chet Dudek, Mwenye Meza ya Jumamosi (1961–2024)

Marehemu Chester Ambrose Dudek, ambaye nusu ya mji huu wa Erie ilimwita Chet na nusu nyingine ikamwita "yule wa kadi", alizaliwa Alhamisi tarehe 9 Machi 1961. Alizaliwa nyumbani, Mtaa wa Kumi na Mbili Mashariki, kwa sababu theluji ilikuwa imefika madirishani na gari la kumpeleka mama yake hospitali halikutoka hata uani. Alikuwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa Kasimir Dudek, mfanyakazi wa kiwanda cha kuyeyusha chuma, na Genevieve, aliyepika pierogi za parokia, yale maandazi ya Kipolandi yenye viazi ndani, kila Ijumaa ya Kwaresima. Wazazi wake wote na kaka zake wawili wametangulia.

Alianza shule ya parokia ya Mtakatifu Florian mwaka 1967. Tusidanganyane mbele ya jeneza: darasani hakuwa lolote. Akiwa darasa la tatu, Sista Bonaventura alimkamata anapanga kadi za besiboli, zile zenye picha ya mchezaji mbele na habari zake nyuma, chini ya dawati wakati wenzake wanasali. Sista akazibeba zote, mia tano na ushee, mwaka mzima asizitaje. Siku ya kufunga shule, Juni 1970, akamwita.

"Dudek, njoo chukua takataka zako."

Chet akafungua boksi la viatu. Kadi zilikuwa zimepangwa kwa namba, kuanzia moja mpaka ya mwisho, kila mia imefungwa kwa uzi.

"Namba 412 huna," Sista akamwambia. "Nimetafuta mpaka chini ya kabati. Kaitafute. Usiniletee kitu nusu."

Ilimchukua miaka miwili. Namba 412 alikuwa mtu anaitwa Lyle Pockett, mdakaji wa akiba. Mdakaji ni yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, ila huyu muda mwingi alikaa benchi. Agosti 1972 Chet aliipata kwa mtoto wa mtaa wa pili, na ili aipate alitoa kadi kumi na moja za mastaa. Kumi na moja kwa mtu wa benchi. Kaka zake walimcheka mpaka Krismasi. Yeye alikimbia nayo moja kwa moja nyumba ya masista. Sista Bonaventura akaigeuza, akasoma nyuma kwa sauti, amesimama mlangoni na aproni yake: "Msimu wa baridi Lyle hupaka rangi nyumba za watu na humsaidia mama yake." Akamrudishia.

"Huyu namkubali," akasema.

Marehemu alimaliza sekondari Juni 1979, na mwezi huohuo akaingia kiwanda cha vichwa vya treni kama fundi wa kuchomelea. Alifanya kazi hiyo karibu miaka ishirini na mitano, mpaka yeye na wenzake mia mbili walipopunguzwa kazini Machi 2004. Masikio yalimharibikia kule, ndiyo maana alikuwa anaongea kwa kelele. Hakuwa amekukasirikia.

Tarehe 11 Oktoba 1986 alifunga ndoa na Maureen Finnerty wa upande wa magharibi. Wapolandi wa upande wake hawakufurahi, na Waayalandi wa upande wa Maureen nao hawakufurahi, lakini wote walikuja kula. Wiki ya kwanza ya ndoa, Maureen alikuta maboksi kumi na tisa ya kadi chumba cha kulala.

"Chet, chagua. Mimi au maboksi."

"Nipe dakika kumi nifikirie."

Maureen anasema alimpa tano. Maboksi yalihamia chini, kwenye chumba cha tanuri la kupashia nyumba joto, na ndoa ikadumu miaka thelathini na saba.

Mtoto wao pekee, Gregory, alizaliwa tarehe 2 Juni 1989. Hapa panahitaji kusemwa kitu, na Greg mwenyewe ndiye aliyesema kisomwe na kisipunguzwe.

Chet alitaka mwanawe apende kadi kuliko alivyotaka kitu kingine chochote duniani. Alimnunulia kila toleo tangu mwaka aliozaliwa. Lakini ile miaka watu wote walikuwa wameingiwa na wazimu kwamba kadi ni akiba ya uzeeni, na Chet naye akaingiwa. Akazitia zote kwenye mifuko ya plastiki na kumwambia mtoto aangalie kwa macho tu. Julai 1996 Greg, mwenye miaka saba, alitoa kadi mbili, akazibana kwa vibanio vya nguo kwenye spoku za baiskeli ili zipige kelele kama pikipiki, kama watoto wa mji huu walivyofanya tangu zamani. Chet alimkuta barabarani. Alizibandua mbele ya watoto wote na kumwambia maneno ambayo baadaye alitamani kuyameza.

Greg alirudi ndani, akaweka albamu zote mlangoni kwa baba yake. Hakugusa kadi tena. Akakua, akahamia Pittsburgh, akawa mhasibu. Baba na mwana walipigiana simu kila Jumapili, wakaongea habari za hali ya hewa.

Tarehe 2 Aprili 2005 marehemu alifungua duka lake la kadi Barabara ya Buffalo. Lilikuwa bovu kibiashara, na kila aliyeingia aliliona. Watu wazima walikuja asubuhi na simu zao, wanataka kubeba maboksi mazimamazima, hawayafungui, wanakwenda kuyauza kwingine. Mtoto akitoka shule anakuta rafu tupu, anarudi kwenye michezo ya simu, halafu watu hao hao wanauliza kwa nini watoto wa siku hizi hawapendi kadi. Chet alianza kuficha pakiti chini ya kaunta.

"Hizo hapo chini vipi, Chet?" mtu anauliza.

"Una miaka mingapi?"

"Arobaini na nne."

"Hizi mwisho kumi na mbili."

Na kila Jumamosi saa nne asubuhi alitandika meza katikati ya duka. Meza ya jikoni ya mama yake, ya watu sita. Sheria zilikuwa tatu tu. Simu inakaa kwenye ndoo mlangoni. Hakuna kuuliza kadi inauzwa ngapi. Na kabla hujabadilishana kadi na mtu, unasoma nyuma yake kwa sauti, umjue unayemtoa. Katikati ya meza paliwekwa kopo la vibanio vya nguo, na aliyekuja na baiskeli alikuwa huru kuchukua. Kwa nini kopo lile lilikuwa pale, hakuna mtoto aliyeuliza. Maureen alijua.

Mtoto mpya alipewa kwanza kadi namba 412 aishike. Kadi ileile ya Lyle Pockett. Pembe zilikuwa zimelika kama sabuni ya mwisho, na ina doa la jemu, doa la chingamu, na mkunjo katikati. Mtoto akitaka kunawa kwanza, Chet alikataa. "Usinawe. Isome." Akishasoma habari za rangi na mama, Chet anamwambia, "Haya. Sasa mnajuana."

Tusipambe mambo. Mara nyingi hakuja mtu. Msimu wa baridi wa 2011 alikuja mtoto mmoja tu, na alikuja kukwepa baridi akisubiri basi. Maureen alimwambia afunge. Chet akajibu atafunga wiki ijayo. Aliendelea kujibu hivyo miaka kumi.

Septemba 2021 aliingia msichana wa miaka minane, Pabitra Rizal, kutoka familia za Kinepali zilizohamia mtaa wa nyuma. Akaangalia kadi ukutani muda mrefu.

"Hii ni kriketi?"

"Besiboli."

"Mbona wakipiga wanatupa gongo?"

"Ndiyo sheria."

"Basi kriketi yenu imeharibika."

Chet alicheka hadi akakaa chini. Akampa Lyle. Pabitra akaisoma nyuma, akaigeuza, akauliza, "Mjomba wangu anasema kadi ni hela. Hii hela ngapi?"

"Mjomba wako anajua Lyle anafanya kazi gani baridi ikija?"

"Hajui."

"Basi umeshamzidi."

Jumamosi iliyofuata alikuja na wenzake wawili. Kufikia kiangazi cha 2023 watoto walikuwa kumi na wanne kwenye meza ya watu sita, wengine wamekalia ndoo. Wanagombana, wanacheka, wanamdanganya Mzee Chet makusudi ili wamsikie akifoka. Maureen aliwaletea mikate ya duara yenye soseji kali ndani. Wanaomjua Chet wanasema hawajawahi kumwona ana furaha kama mwaka ule.

Tarehe 14 Novemba 2023 aligundulika ana kansa ya kongosho. Madaktari hawakuzunguka, na yeye hakutaka wazunguke. Greg akaanza kuja kila Ijumaa jioni kutoka Pittsburgh, mwendo wa saa mbili, iwe theluji isiwe. Alimwogesha baba yake. Alishika funguo za duka, akafungua Jumamosi, akakaa pembeni huku Chet akiongoza meza akiwa kwenye kiti chenye mto.

Januari, kadi namba 412 ikapotea.

Chet aliitafuta kila mahali. Alipekua maboksi, alivua viatu akachungulia ndani, aliinama kwenye pipa la taka uani na hali ile aliyokuwa nayo. Alimwambia Maureen dawa zimeanza kumla akili. Watoto walitafuta naye. Hii ilikwenda karibu miezi mitatu.

Jumanne tarehe 2 Aprili, siku duka lilipotimiza miaka kumi na tisa, Greg alikuja bila kutegemewa akamwekea baba yake kifurushi mapajani. Ndani mlikuwa na namba 412. Alikuwa ameichukua kimyakimya na kuipeleka kwa wapima kadi, wale wanaoikagua na kuifungia kwenye kasha gumu la plastiki lisilofunguka, na alama juu. Alama ilikuwa moja kati ya kumi. Hakuna ya chini yake.

"Alama haijalishi, Baba," Greg akasema. "Sasa haitaharibika tena. Umeipenda?"

Chet alipitisha kidole pembeni mwa kasha.

"Nimeipenda, mwanangu. Asante."

Usiku huohuo, Greg akiwa njiani kurudi, Maureen alisimama mlangoni pa chumba.

"Chet, nikuletee nyundo?"

"Acha."

"Watoto wataishikaje?"

"Mo, acha. Kijana ameniletea kadi. Miaka ishirini na saba hajanishikia kadi. Nikilivunja nitamwambia nini?"

Hakulivunja. Jumamosi sita zilizobaki alizitumia kuwaonyesha watoto lile kasha kwa mbali. Mtoto mpya akija, Chet alimsomea mwenyewe maneno ya nyuma, kwa kichwa, kwa sababu macho yalikuwa yameshachoka. Na kila mara alimgeukia Greg pale pembeni, akatabasamu ili ajue zawadi inafanya kazi.

Marehemu alifariki Ijumaa tarehe 17 Mei 2024, saa kumi jioni, nyumbani, Maureen amemshika mkono wa kulia na Greg wa kushoto.

Katika purukushani za msiba, hakuna aliyekumbuka kuwaambia watoto. Jumamosi asubuhi Maureen akashtuka, akamtuma Greg. Aliwakuta kwenye ngazi za duka, kumi na wanne, baiskeli zimelala barazani. Akawaambia. Wadogo walilia. Pabitra hakulia. Aliuliza, "Na Lyle? Sasa mtamfungulia?"

"Lyle wa kwenye kadi?"

"Lyle. Tulikuwa tunamshika kwanza. Halafu akafungiwa. Mzee Chet alisema tusiseme kitu, kwa sababu wewe ndiye uliyemleta, na wewe hujawahi kumletea kadi."

Greg alikaa kwenye ngazi. Kila mtu aliyeko hapa ameshasikia alikaa muda gani, hakuna haja ya kurudia. Hakuwa na ubaya. Alikuwa amefanya kile alichofundishwa akiwa na miaka saba: kadi uipendayo iangalie kwa macho tu. Baba yake alitumia miaka kumi na tisa kujisahihisha mbele ya watoto wa watu, na mwanawe ndiye hakupata somo hilo.

Marehemu ameacha mjane, Maureen, mwana mmoja, Gregory, shemeji wawili, wapwa saba, na watoto kumi na wanne wa meza ya Jumamosi, ambao Maureen ameagiza wakae mbele pamoja na familia, wakiwa na mikono waliyokuja nayo, bila kunawa.

Kadi namba 412 haizikwi. Kabla jeneza halijashushwa, Greg atalivunja kasha kwa nyundo ya kiwandani ya baba yake. Mkisikia kitu kinapasuka, msishtuke. Kadi itaanzia kwa Pabitra, itapita mstari hadi mstari, mkono hadi mkono. Msifute vidole. Ishike, igeuze, isome, mpe mwenzako. Wa mwisho atakuwa Greg, naye ataisoma kwa sauti, kwa sababu upande wa nyuma hajawahi kuusoma.

Jumamosi saa nne meza itatandikwa. Atakayeitandika ni Greg.

Chet, upumzike kwa amani. Wewe na mwanao, haya. Sasa mnajuana.