Daftari la Akullo

Benchi langu la kahawa liko Mbuya, ubavuni mwa ukuta wa kambi ya jeshi, na anayelikalia amekubali kusemwa. Asubuhi ile walikuwepo Ongom, askari mstaafu tunayemwita Sajini. Masinde, Mkenya muuza vipuri, jina lake Redio kwa kuwa hazimiki. Na Kamis wa bodaboda. Sajini alikuwa amepigiwa simu kutoka kijijini: mjukuu wake Akullo, miaka kumi na sita, aliyelelewa hapa kambini na sasa yuko huko, wiki ya tatu tumbo linamuuma, na kituo cha afya hataki hata kukisikia.

— Kitakuwa mbali, akasema Kamis.

— Ni ng'ambo ya barabara, akajibu Sajini.

— Basi anaogopa sindano.

— Huyo? Aliua nyoka kwa jembe.

Redio akapuliza kahawa yake.

— Ni mawimbi ya simu, afande. Yanaingia tumboni.

— Ukoo mzima kule una simu moja, na ni ya mdogo wangu.

— Ndiyo hiyo. Imebeba mawimbi ya wote.

— Mwenda pole hajikwai, akasema Kamis. Mngoje tu.

— Wiki tatu, Kamis.

— Basi aletwe daktari mgeni, akasema Redio. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Dolphine, mpangaji mpya pale nyuma, alikuwa amesimama na kikombe chake.

— Mzee, hajawahi kwenda kabisa?

— Mwaka jana alikwenda. Mambo ya wasichana. Nesi akaandika kwenye daftari lake la matibabu, naye Akullo akarudi nalo nyumbani, kama kila mgonjwa.

— Nani alilisoma?

— Mdogo wangu. Akanisomea kwenye simu.

Redio akatazama chini. Simu ile ya mwaka jana Sajini aliiweka sauti ya juu, hapahapa, na tulicheka. Mimi kabla ya mchana nilikuwa nimeshaifikisha habari Lubaga, upande wa pili wa mji, kwa Abalo, mtu wa kijiji kilekile cha Akullo. Jumapili habari ikarudi kanisani kwao, ikamkuta Akullo kwenye kwaya.

Sajini akampigia mdogo wake, akaomba apewe mjukuu, sauti ya juu kama kawaida yake.

— Akullo. Leo unakwenda hospitali. Ni amri.

Dolphine akauliza polepole:

— Na daftari, akirudi nalo, litakaa kwa nani?

Kamis alifunga kamba ya kiatu kisicho na kamba. Kisha ile simu ikasema:

— Babu, huyo anayeuliza ni nani?

Sajini akazima sauti ya juu, akampa Dolphine simu. Dolphine akaenda nayo mpaka kona ya ukuta, akatugeuzia mgongo. Nilitega sikio langu lote, na sikio langu ni zima. Sikupata hata neno.