Matcha Haingoji Mgeni

Niinueni kwa mito, wanangu, nikae kama mtu, kwa maana maneno ya mtu aliyelala chali huishia darini. Joy, simu ya baba yenu mdogo Samuel iweke hapa karibu na kifua changu, na sauti uiache wazi, asije akasema kule Kericho kwamba mimi Rael nililishwa maneno na watu wa mbali. Nasema Kiswahili makusudi. Lugha ya mama yangu sijaisahau, lakini nataka Adhiambo, mke wa Noah, asikie kila neno kwa masikio yake mwenyewe, asingoje kutafsiriwa na mtu mwenye nia yake. Daktari amesema moyo wangu umechoka. Nimemjibu kwamba haujachoka, umekasirika, na kwamba sirudi tena kitandani kwake kufungwa mipira kama ng'ombe wa maziwa. Nitasema yangu hapa hapa Balad, mji wa kale wa Jeddah, katika chumba kilicho juu ya kaunta yangu, ninapowasikia watu wakipita kichochoroni.

La shamba nalimaliza haraka kwa sababu halina ubishi, hata kama kuna mtu anakohoa kwenye simu. Chai ya Kericho niliyoinunua kwa jasho la nyumba za matajiri wa Al-Hamra, nikipiga pasi nguo za madam na kulea watoto wake hadi wakaniita mama, igawanywe kati, upande wa juu wa Noah, upande wa chini wa Joy. Naam, wa Joy. Samuel, kohoa mpaka uchoke. Mkono uliochuma chai hiyo tangu ukiwa mdogo haukuulizwa kama ni wa kike.

Lililobaki ni kaunta, na najua ndilo lililowaleta wote mbio, mmoja kutoka Riyadh na mwingine kwenye simu. Leseni ni ya Yassir, kafili wangu, yaani mdhamini wangu katika nchi hii, na nyumba hii ya mawe ni ya babu zake, lakini juzi alisimama hapo mlangoni akasema, "Ya Umm Noah, utakayemtaja wewe ndiye nitakayemwandikia ikama ya pale chini, halas." Na bila ikama, kibali cha kukaa na kufanya kazi, hakuna anayesimama pale. Basi leo namtaja. Lakini siwezi kumtaja mtu kabla sijasema ni nini ninachompa, kwa sababu miaka yote hii mmeila kaunta hiyo na wengine wenu bado mnadhani ni rangi ya kijani ndani ya kikombe.

Sikilizeni. Matcha ni chai ile ile, mti ule ule tunaouchuma kwetu, asiwadanganye mtu kwamba ni majani ya mbinguni. Tofauti ni malezi. Huko Japani, mavuno yakikaribia, mkulima anaifunika michai yake isipigwe na jua, akaiacha kwenye kivuli wiki nyingi, na majani kwa kutafuta mwanga yanazidi kuwa kijani na kuwa laini. Huchumwa, hupigwa mvuke yasije yakageuka rangi, hukaushwa, hutolewa mishipa na vijiti, halafu kile kilichobaki husagwa kwa jiwe polepole, kwa sababu jiwe likikimbizwa hupata moto na moto huiua harufu. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Chai yetu tunaichemsha na kutupa majani. Hii unainywa na majani yake yote, hakuna kinachotupwa, ndiyo maana haina pa kuficha uovu wake ikiwa mbovu.

Na kuitengeneza, Adhiambo anajua, lakini nataka lisemwe mbele ya mashahidi. Unga uuchekeche, maana una tabia ya kushikana madonge. Maji yachemke, kisha yapumzike. Yakimwagwa yakiwa bado yanatokota, chai inakuwa na uchungu wa hasira badala ya uchungu wa utu uzima. Kile kifagio cha mwanzi kilowekwe kwanza kwenye maji ya vuguvugu, kisivunjike meno. Tia maji kidogo, kisha upige kwa kifundo cha mkono, mbele na nyuma, kwa wepesi, bila kusugua chini kama anayeosha sufuria ya ugali, hadi povu litande dogo dogo. Halafu umpe mtu anywe hapo hapo. Hapo hapo, nasema, kwa sababu ukiiacha inazama, na ukiusubirisha unga wenyewe kwenye kopo lililofunguliwa, unakufa.

Hilo la kufa Samuel analijua vizuri, ngoja nilitaje maana nimelibeba muda mrefu na sitaki kuzikwa nalo. Mwaka ule nilipoanza kazi ya matcha nilituma kopo nyumbani, kopo zuri, nikasema kwenye simu, fungueni mnywe wiki hii. Watu wetu wakafanya nini? Walichofanyia kila kitu kizuri maishani mwao. Wakaliweka kwenye kabati la vioo, juu ya kitambaa cha kufuma, kati ya vikombe ambavyo havijawahi kuguswa na mdomo, wakasema hii ni ya wageni. Wageni wenyewe wakaonekana si wageni wa kutosha. Likafunguliwa siku moja likanuswa, likafungwa, likakaa kwenye jua la dirisha mpaka Krismasi, ndipo askofu akaja. Samuel akautia ule unga kwenye sufuria na maziwa na tangawizi na sukari, akauchemsha hadi ukafura mara mbili, rangi ikawa ya tope la zizini, akauchuja, kichujio kikatoka kitupu. Akasimama mbele ya askofu akauliza, "Majani yako wapi?" Kisha akatangaza kanisani kwamba Rael amepelekwa Arabuni akapumbazwa, anatuma rangi ya ukuta. Nilichekwa ukoo mzima, nami nilikuwa mbali, sina wa kunitetea. Samuel, nakusamehe kwa sababu Mungu ameniagiza, lakini hukuwa sahihi siku ile na si sahihi leo.

Riyadh nako walitaka nikubali uongo. Mnaujua ule mkahawa wa mtaa wa Olaya, ule wa vioo vitupu, nisiotaka kuutaja jina. Walimleta Bi Haruko kutoka Japani, mama mfupi mwenye sauti ya chini, akatufundisha wasichana sisi namna ya kukishika kifagio, na kila nilipokosea alikuwa ananigonga kidole, tok, kama mama mkwe. Nilimpenda sana mama yule. Alipoondoka tu, meneja akaleta mifuko ya unga wa bei rahisi, wa kahawia kidogo, na chupa ya rangi, na sukari kwa debe, akasema mteja wa leo hanywi, anapiga picha. Nikamwambia mafi, hakuna kitu kama hicho. Akanikumbusha kwamba ikama yangu iko mezani kwake. Nikamwambia akae nayo, nikavua aproni nikaikunja vizuri nikaiweka juu ya ikama hiyo. Nililia kwenye basi, sikatai. Nililia kama mtoto, lakini sikurudi. Yassir ndiye aliyenipokea, mtu ambaye babu zake waliuza manukato hapa chini na anajua kwamba mali ikichanganywa mara moja, jina haliungiki. Akahamisha makaratasi yangu mpaka Jeddah, akanipa kipembe cha duka. Wazee wa Balad walikuja wakaonja wakakunja nyuso, wakaniuliza kama wao ni mbuzi. Nikawapa na tende. Kesho yake wakarudi. Kizuri chajiuza.

Noah, mwanangu, sasa nakuja kwako, na usiangalie sakafu. Wewe ni mzaliwa wangu wa kwanza, na kila mtu, hata Yassir, alidhani ni wewe. Unaendesha gari vizuri, una moyo mwema, hujawahi kuninyima kitu. Lakini nilipolazwa wewe uliniambia nini? "Mama, tuwape tu ile tamu, wenzetu wote wanauza hiyo, hakuna anayejua tofauti." Ulisema ukinishika mkono, kwa upendo, na ndiyo maana iliniuma. Wewe uko tayari kuuza kitu ambacho wewe mwenyewe hukiamini. Hilo si kosa la kufukuzwa nyumbani. Lakini kaunta hapana.

Na wewe Joy, unataka jina langu ukalifungulie duka Olaya. Lifungue siku moja, kwa jina lako, utakapokuwa tayari kuamka alfajiri. Lililoko hapa haling'oki.

Kaunta nampa Adhiambo.

Nyamazeni. Samuel, nyamaza, bado niko hai. Najua utakalosema, kwamba si damu yetu, kwamba ni Mjaluo; hata harusini kwake hukuja, ulituma salamu zenye miiba. Wanasema damu ni nzito kuliko maji. Sawa, lakini chai haitengenezwi kwa damu. Nilipokuwa nimelala pale hospitali, aliyekuja kuuza unga alimletea Adhiambo mzigo uliochoka, wa rangi ya nyasi kavu, na foleni ilikuwa imefika hadi kwa wauza vitambaa, wasichana wa Jeddah wameshashika simu zao. Alionja kidole kimoja. Akafunga dirisha. Akatoka nje akawaambia watu kwa Kiarabu chake kile kilichovunjika, leo hakuna, ni mbovu, njooni wiki ijayo, na wengine wakamtukana, akasimama tu amefunga mikono. Hakunipigia simu kuniuliza. Yassir ndiye aliyenihadithia, akicheka huku anafuta macho. Siku hiyo nilijua nina mrithi, nikalala usingizi.

Basi Adhiambo, binti yangu, bakuli langu ni lako, kifagio ni chako, dirisha lile ni lako. Usinishukuru. Ni kazi nimekupa, nayo ina adui wengi, na wa kwanza ni watu wanaokupenda wakakwambia ulegeze kidogo tu. Usilegeze.

Joy, nipe maji. Hapana, tone tu... inatosha.

Mwili wangu urudi Kericho, ulazwe upande wa Ephraim, mume wangu, ambaye hakuwahi kunikataza safari. Mazishini wapikieni watu chai ya maziwa, ifure, itiwe sukari, ndiyo wanayoipenda nami siwakasirikii. Samuel aje, ale, ashibe, lakini asihutubie. Lile kabati lake la vioo mlifungue siku hiyo mkawanyweshee watoto kwa vikombe vile, na kikivunjika kimoja nitafurahi nikiwa huko niliko.

Mungu wa baba zenu... awape mikono isiyoona haya. Awape ulimi unaojua uchungu na kuutofautisha na ubaya. Noah, nakubariki, nakubariki mara ya pili, kwa sababu najua imekuuma. Joy, nakubariki, uzae uwe na wa kubishana nawe. Adhiambo... wewe... kwetu ni kwenu. Anayekukataa wewe amenikataa mimi, na mimi... sijawahi kukubali kukataliwa.

Pumzi imekuwa fupi. Msilie, inanichosha.

Swala ya alasiri imekwisha, nasikia viatu. Wateja wanakuja. Adhiambo, simama. Najua desturi, najua mke wa mwana hukaa amlinde mama hadi mwisho... mimi naikataa desturi hiyo leo. Siwezi kufa nikisikia watu wanagonga dirisha lililofungwa. Nenda. Kafungue.

Na wewe, Noah... mbona bado umekaa? Mbebee mkeo maji.