Mkia wa Samoni

Basi la kabila la wenyeji asilia lilipotoka kijiji cha Nespelem, Norbert alijifanya amesinzia ili amsikie vizuri Bibi Delphine, aliyeketi mbele yake akimfokea jirani wa kiti asiyemjua.

"Miaka themanini wametuzibia mto kwa bwawa lao, samaki wasipande. Leo samoni wamepandishwa juu ya bwawa kwa lori, kama wabunge! Tumewavua, tumegawana, na mafundi wa bwawa nao wamepanga foleni. Wao wakapata tumbo nono. Mimi mkia!"

"Mila ndiyo hiyo, bibi," jirani akasema kwa upole. "Aliyefika ukingoni wakati wa mgawo hanyimwi. Hata mgeni."

"Mgeni wa miaka themanini, baba? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Basi wapewe majembe, wakaubomoe ukuta wao!"

Norbert alikohoa kuficha kicheko. Jirani hakucheka.

Basi likasimama kwenye lango la bwawa. Jirani akainuka, akavaa kofia ya mafundi wa bwawa aliyokuwa ameikalia, akachukua mfuko wake wa samaki uliotuna.

Bibi Delphine akaitazama kofia, akautazama mfuko, kisha akafungua dirisha.

"Baba! Umesahau jembe!"