Tunaomba Mashine ya Picha Isiondoke Kwanza

Mgeni rasmi, wewe unayepanga mashine za hospitali ziende wapi, karibu wodini kwetu. Viti havilingani, lakini chako tumekipangusa mara mbili.

HISTORIA YETU

Umoja wetu ulianzia bafuni. Kabla hakujapambazuka, majirani walisikia kwaru, kwaru, kwaru: fundi cherehani anajisugua kwa dodoki. Siku hiyo alikuwa anakwenda kupasuliwa uvimbe wa figo, na hakutaka daktari amkute na uchafu. Alisugua mpaka vile vibandiko alivyowekwa tumboni jana yake vikatoka.

"Mama, alama zangu ziko wapi?" daktari akauliza alipofika hospitali.

"Zile? Nilidhani ni gundi mmeisahau, mwanangu."

Kumbe kwa alama zile kompyuta huilaza picha ya figo juu ya mwili wenyewe. Daktari anapoiongoza mikono ya roboti, anaona kwenye kioo cha kompyuta hata kilichojificha: uvimbe huu hapa, mshipa unapita kule. Bila alama, picha haijui ikae wapi. Daktari hakufoka. Alicheka mpaka akatafuta kiti, kisha akamshika mkono, akampeleka mwenyewe kupigwa picha upya.

MAFANIKIO

Fundi alipopona, akawa anapita wodini kuwaambia wanaongoja: "Ogeni mtakate, ila hapa msiguse!" Sisi tuliopona tukamfuata. Tangu hapo hakuna kibandiko kilichosuguliwa, na hakuna anayeingia chumba cha upasuaji bila mtu wa kumsindikiza hadi mlangoni. Fundi amerudi kwenye cherehani yake. Mumewe analalamika: "Mashine moja imemponya, nyingine inaninyima usingizi!" Analalamika huku anamchemshia chai.

CHANGAMOTO

Mashine hii ya kulaza picha juu ya mwili ililetwa kwa majaribio, na tumesikia itahamishwa mwisho wa mwezi. Zamu ya dada mkubwa wa fundi, aliyemlea tangu mama yao afariki, ni mwezi unaofuata. Yeye amebaki na figo moja tu, na uvimbe uko humo. Daktari ametuambia kwamba kwa ile picha anatarajia kuutoa uvimbe na kuiacha figo. Bila picha, hawezi kuahidi.

Hatumlaumu mtu. Huko inakokwenda nako kuna wagonjwa, nao wana watu wao wanaowapenda.

OMBI

Tulikuwa tumeandika na mapazia, na bomba linalovuja. Tumeyafuta, yatangoja. Tunaomba jambo moja: mashine isiondoke mpaka dada huyu apasuliwe.

Mungu akupe afya, akurudishe kwako salama, uwakute wako wote wazima. Ni sisi, Umoja wa Waliopona na Wanaongoja.

Dada mwenyewe ni yule pale mbele, mwenye kitambaa cha kijani. Fundi alimuuliza tumalizie na maneno gani. Alifikiri kidogo, akasema:

"Mwambieni hivi: Mwanangu, uje tena unitazame nikishapasuliwa. Nitakuwa kitanda cha dirishani."