Bi Aziza na Jina la Kizuka

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2025, Bi Aziza Ukasha anastaafu kazi ya kuongoza wageni baada ya miaka thelathini na moja na miezi saba. Rasimu ya kwanza ya wasifu huu iliandika thelathini na miwili. Aliirudisha. Hata kwenye sherehe yake mwenyewe hataki kuongezewa miezi mitano ambayo hakuifanyia kazi.

Alianza Desemba 1993, ushirika wetu ukiwa na watu watatu na baiskeli moja. Leo tuko kumi na tisa, na kumi na wanne kati yetu amewafundisha yeye. Mimi ni mmojawapo. Nilikuwa nabeba mizigo ya wageni pale uwanja wa ndege wa Kilindoni, elimu yangu darasa la saba, akanikabidhi kundi la kwenda Ras Mkumbi. Nikawaeleza habari za mnara wa taa kwa mbwembwe zote. Tuliporudi akaniuliza swali moja tu: “Nani kakwambia?” Wengi wameulizwa hivyo, mpaka tukampachika jina, Bi Nani Kakwambia. Ukitembelea magofu ya Ras Kisimani na mwanafunzi wake yeyote, utasikia “watu wanasema” pale wanaposema watu, na utaambiwa ni watu gani.

Ni gofu moja tu lililomponyoka. Lile la Miburani, Nyumba ya Kizuka, alilisimulia miaka kumi na moja bila kumuuliza mtu. Mwanamke wa shuka nyeupe, nyuma ya dirisha, mwanamume akimsalimia haitiki. Na alijua kusimulia! Niliona watu wazima wakishikana mikono kwa hofu, saa nne asubuhi, jua kali. Katika kila wageni kumi, sita walichagua safari hiyo. Mratibu wa safari ni mimi, hesabu hizo ninazo kichwani.

Siku moja Mize, mkulima wa mwani wa pale Miburani, alisimama nyuma ya kundi akasubiri hadithi iishe.

“Shikamoo, Bi Aziza. Huyo kizuka wenu ana jina?”

“Marahaba. Hana.”

“Analo. Shadya. Ni bibi yangu mzaa mama. Alikaa eda humo ndani, nyie mmemfanya jini. Wanangu shuleni wanaitwa vitukuu vya jini. Na alipotoka edani akaolewa Kilindoni, akazaa wawili. Jini gani huyo?”

Basi. Kizuka, mjane aliye edani. Neno tunalijua sote, misibani tunalitumia. Shuka nyeupe ilikuwa kweli, dirisha kweli, kutowaitikia wanaume kweli. Nyumba ilipobaki gofu na waliomjua wakapungua, sisi tuliofuata tukalisikia neno kwa maana yake nyingine.

Bi Aziza hakubishana. Alikwenda kwa wazee wanne wa Miburani, kila mmoja kwake, wote wakasema yaleyale ya Mize. Kisha akaleta kikaoni ombi lake: hadithi ifutwe, kibao cha pale gofuni kibadilishwe, na wageni waambiwe wazi kwamba yeye alikosea. Nilipinga. Nikamwekea mezani ile sita katika kumi.

“Abeid mwanangu, hesabu yako sahihi,” akasema. “Basi tupe bibi yako wewe, tumfanye jini wa safari ya asubuhi.”

Kikao kizima kilicheka, ombi likapita. Mimi nilinuna mwezi mzima.

Kesho yake baada ya kikao alisimama palepale gofuni na kundi jipya, Mize akiwa pembeni, akasema, “Hapa nilikuwa nawadanganya wageni, kwa kutokuuliza. Hii ni nyumba ya Bibi Shadya.” Sita ikashuka ikawa tatu. Haijapanda mpaka leo, na sitasema hainiumi.

Ila mwaka jana ndugu yangu Ally alifariki, mkewe akakaa eda nyumbani kwangu. Siku moja nilikuwa napita hapo na wageni, mmoja akaelekeza kamera dirishani. Nilimshika mkono kabla sijafikiri. Baadaye ndipo nikafikiri, nikaenda kwa Bi Aziza kumshukuru. Akanikaribisha chai, wala hakunikumbusha kikao.

Siku hizi Mize mwenyewe ndiye anayetupokea pale kwenye gofu. Wanawe hawaitwi tena vile. Wageni ni watatu katika kumi, na wote watatu wanaondoka wanalijua jina.

Bi Aziza, ahsante kutoka kwetu sote kumi na wanane tunaobaki. Kapumzike, wajukuu wakuchoshe kwa raha. Tunakuombea miaka mingi yenye afya na amani. Ni mingapi, tumeacha wazi, maana tunajua utauliza nani katuambia.

Abeid Tahir
Mratibu wa Safari