Pengo Nililoliziba kwa Gundi

Jina la Bwana lisifiwe, ndugu zangu. Mimi si msemaji, mniwie radhi.

Nilipokuja Dar es Salaam kutoka bara na mke wangu Eliza, nilikuwa kuli bandarini. Jioni nilikwenda kilabuni kunywa pombe, na Eliza nilimwambia kazi ilichelewa kwisha. Siku homa ilipomzidia aliniomba niwahi. Nikamwambia, "Narudi sasa hivi." Sikurudi. Nilikuta majirani wameshamfunika shuka.

Ndugu zangu, baada ya hapo nilikunywa hata kazi ikaniponyoka. Aliyeniokota ni Bwana Karimu, seremala Mhindi wa hapa Temeke. Alisema nikija nanuka pombe nisivuke kizingiti chake, lakini nikija mzima atanifundisha. Nikaanza kwa kufagia, nikafika kushika msumeno. Mwaka mzima sikuonja pombe. Kazi ile ndiyo iliyonishika. Nilijua nikiikosa nitarudi kilabuni.

Kisha akanipa mlango nitengeneze peke yangu, wa nyumba ya mjane mmoja. Kiungo kimoja nilikikata kifupi. Nikaogopa. Nikachanganya unga wa mbao na gundi, nikaziba, nikapiga msasa mpaka pengo lisionekane. Bwana Karimu akapitisha kidole, akanisifu, akasema imebaki rangi tu.

Usiku ule sikuweza kusali. Kila nikifumba macho nilisikia sauti yangu mwenyewe: narudi sasa hivi. Mwishowe nikamwomba Mungu anipe kinywa cha kusema kweli, hata nikifukuzwa.

Asubuhi nikamwambia, "Shikamoo, fundi. Ule mlango ni mbovu. Nimeuziba."

Akachukua nyundo ya mti, akagonga mara moja, kiungo kikaachia. Nikaanza kukusanya vitu vyangu.

"Unakwenda wapi, Matayo?"

"Si nimefukuzwa, fundi?"

"Nani kakufukuza? Mbao ile pale. Kata nyingine, bwana gundi. Na ukikosea tena, niambie kabla hujapiga msasa."

Nikacheka, machozi yakanitoka. Ilikuwa mara ya kwanza kumlilia Eliza bila pombe kichwani.

Leo nina karakana yangu, na milango yangu iko Temeke nzima. Huzuni haijaisha, siwadanganyi. Lakini namshukuru Mungu kila ninaposhika randa. Ndugu yangu, ikiwa kuna pengo umeliziba watu wasilione, mpelekee Yesu leo, kabla ya rangi. Mimi nilikwenda na mlango mbovu, wala hakunifukuza. Amina.